Tarehe Ikifika Kwenye Kiolezo

Jumatatu ya tarehe 30 Desemba 2019, mfumo niliokuwa nikiutunza ulitoa ankara kadhaa zilizoandikwa tarehe 30 Desemba 2020. Hakuna aliyekuwa amegusa msimbo kwa wiki kadhaa. Saa ya seva ilikuwa sahihi, hifadhidata ilikuwa na mwaka 2019 kama ilivyopasa, na ankara zilizotolewa Jumamosi iliyotangulia hazikuwa na dosari yoyote. Nilikaa na tatizo hilo karibu asubuhi nzima, nikilitafuta kila mahali isipokuwa pale lilipokuwa, kwa sababu haikunijia akilini kwamba mstari mmoja wa kiolezo (faili ya mfano ambayo mfumo huijaza thamani ili kutoa ankara), uliokuwa umefanya kazi tangu mwanzo wa mwaka bila lawama, ungeweza kuiongezea tarehe mwaka mzima. Mstari wenyewe ulibeba muundo huu: "dd MMMM YYYY". Herufi nne za mwisho zilipaswa kuwa ndogo, "yyyy". Hilo tu.

Katika lugha ya Java, tangu toleo la 7, na katika ICU, maktaba ya kuandika tarehe na namba kwa lugha mbalimbali ambayo programu nyingi huitegemea, "y" ndogo humaanisha mwaka wa kalenda tuliouzoea, ilhali "Y" kubwa humaanisha mwaka wa wiki, yaani mwaka ambao wiki husika huhesabiwa kuwa ni yake. Kwa kanuni ya kimataifa ya tarehe, ISO 8601, wiki huanza Jumatatu, na wiki ya kwanza ya mwaka ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya Januari. Tarehe 1 Januari 2020 iliangukia Jumatano, kwa hiyo Alhamisi ya kwanza ilikuwa siku ya pili yake, na wiki hiyo ilikuwa imekwisha kuanza Jumatatu ya tarehe 30 Desemba. Kiolezo hakikukosea hesabu hata kidogo. Kiliulizwa swali ambalo sikukusudia kuliuliza, kikalijibu kwa usahihi.

Ubaya wa kosa la aina hii ni kwamba hulala karibu mwaka mzima, likaamka kwa siku mbili tatu ambazo wengi wako likizo, kisha likalala tena kabla mtu hajalishika. Tena mwaka mwingine hugeukia upande wa pili. Tarehe 1 Januari 2021 iliangukia Ijumaa, na kwa hesabu ya ISO siku hiyo, pamoja na mbili zilizoifuata, ilikuwa bado ndani ya wiki ya 53 ya mwaka 2020. Muundo uleule ungeandika 1 Januari 2020 bila kusita. Java nayo hupanga mwanzo wa wiki kulingana na lugha na eneo lililochaguliwa, na pale wiki inapoanzia Jumapili dosari ile ingeonekana tangu tarehe 29 Desemba. Sisi hatukuwa tumetoa ankara Jumapili hiyo.

Tangu siku ile nimekuwa nikiusoma mstari wa tarehe ndani ya kiolezo kama ninavyosoma kifungu cha mkataba, na ninayoyaandika hapa yametokana na usomaji huo. Naona makosa mengi tunayoyaita makosa ya muundo si makosa ya mapambo hata kidogo. Kiolezo kina haki ya kuamua tarehe itaonekanaje. Hakina haki ya kuamua ni tarehe gani. Mara nyingi, bila sisi kujua, tunakipa kazi zote mbili.

Tuanze na herufi zenyewe, kwa kuwa ndizo mtu anazokutana nazo kwanza. Kuna koo tatu kubwa za miundo ya tarehe, na jambo la kusikitisha ni kwamba zote zinatumia alfabeti moja. Ukoo wa kwanza umetokana na lugha ya C na kazi yake iitwayo strftime, ambako kila herufi hutanguliwa na alama ya asilimia: "%Y-%m-%d %H:%M:%S". Python na Ruby zimeurithi, na lugha ya violezo ya Liquid nayo vilevile. Ukoo wa pili ni wa Java na ICU, ambako wingi wa herufi nao una maana: "M" ni namba ya mwezi, "MM" ni namba yenye tarakimu mbili, "MMM" ni jina lililofupishwa, na "MMMM" ni jina kamili. Ukoo wa tatu ni wa lugha ya PHP, ambako kila herufi husimama peke yake bila alama mbele. Twig, mfumo wa violezo, inautumia kwa sababu imejengwa juu ya PHP, na Django, mfumo wa kujengea tovuti, ingawa imeandikwa kwa Python, iliamua kuiga herufi hizohizo katika violezo vyake. Kwa hiyo mtu anayefanya kazi kwa Django huandika ukoo wa kwanza ndani ya msimbo wa Python, kisha anavuka hadi kwenye kiolezo na kuandika ukoo wa tatu, katika mradi mmoja, pengine ndani ya dakika moja.

Tazama herufi "m" inavyotangatanga. Katika strftime, ndogo ni mwezi na kubwa ni dakika. Katika Java ni kinyume chake: kubwa ni mwezi, ndogo ni dakika. Katika PHP na Django, ndogo ni namba ya mwezi, kubwa ni jina fupi la mwezi, na dakika zimehamishiwa kwenye herufi "i". Niliwahi kuikuta orodha ya miadi iliyokuwa imeandikwa "H:m" kwenye kiolezo cha Django. Ilikuwa mwezi Machi. Miadi yote ilionekana kuwa ya 09:03, 11:03, 14:03, 16:03, na watumiaji walidhani mfumo huongeza dakika tatu kwa makusudi, labda ili watu wapate muda wa kufika. Hakuna aliyelalamika hadi ulipoingia mwezi Aprili na dakika zikawa nne.

Java ina mtego mwingine wa namna hiyo katika herufi "d". Ndogo ni siku ya mwezi. Kubwa ni siku ya mwaka. Mtu akiandika "DD" mwanzoni mwa Januari, kila kitu kitakwenda sawasawa kwa siku thelathini na moja mfululizo, majaribio yatapita, mteja ataridhika, kisha itafika siku ambayo ukurasa utaonyesha tarehe 32 Februari. Vilevile "hh" huhesabu saa kutoka 1 hadi 12, na bila herufi "a" ya kutenganisha nusu mbili za siku, kikao cha 15:00 kitaandikwa 03:00. "HH" ndiyo inayokwenda kutoka 0 hadi 23. Ipo pia "kk", inayokwenda kutoka 1 hadi 24, na usiku wa manane ndipo tofauti yake inapoonekana, kwa kuandika 24:10 mahali pa 00:10. Sijawahi kukutana na mtu aliyeitumia hiyo kwa kukusudia.

Dawa ninayoitumia ni ndogo na haina gharama. Sijaribu tena kiolezo kwa tarehe ya leo, kwa kuwa tarehe ya leo ni shahidi dhaifu. Ninatumia thamani moja iliyochaguliwa kwa makusudi, 2019-12-30 23:05:07. Mwezi wake ni 12 na dakika zake ni 05, kwa hiyo viwili hivyo haviwezi kubadilishana bila kuonekana. Siku ya mwezi ni 30 ilhali siku ya mwaka ni 364. Mwaka wa kalenda ni 2019 na mwaka wa wiki ni 2020. Saa imevuka 12, kwa hiyo "hh" itajifichua kwa kuandika 11. Tena iko karibu na usiku wa manane kiasi kwamba ukanda wa saa ukisogea saa moja tu kuelekea mashariki, tarehe yenyewe itabadilika. Ya pili ninayoiongeza ni 2021-01-03 04:08:09, ambayo ni Jumapili: hiyo huonyesha kama sifuri za mbele zimewekwa au zimeachwa, na hukamata mwaka wa wiki unaorudi nyuma.

Herufi zikishanyooka, linabaki jambo zito zaidi, nalo ni aina ya thamani inayofika kwenye kiolezo. Neno "tarehe" katika mazungumzo yetu hubeba vitu vitatu tofauti. Kuna nukta ya wakati, yaani kitu kilichotokea mara moja kwa dunia nzima, kama vile malipo kuingia au ujumbe kutumwa. Kuna tarehe tupu ya kalenda, isiyo na saa wala ukanda, kama vile siku ya kuzaliwa au siku ya mwisho ya mkataba. Na kuna saa tupu, kama vile saa ya kufungua ofisi kila siku. Nukta ya wakati haiwezi kuandikwa kama tarehe na saa mpaka kwanza ijulikane ni kwa ukanda gani wa saa. Tarehe tupu, kinyume chake, huharibika pindi mtu anapoigusa na ukanda wa saa.

Kosa la siku ya kuzaliwa ndilo mfano wake maarufu. Mtu amezaliwa tarehe 4 Machi. Mfumo, kwa kukosa mahali pa kuweka tarehe tupu, unahifadhi 4 Machi, usiku wa manane, kwa UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima. Kiolezo kinapoonyesha thamani hiyo kwa mtumiaji aliye magharibi ya Greenwich, kwa mfano kwenye ukanda ulio nyuma kwa saa tano, usiku wa manane wa UTC kwake ni saa 19:00 ya tarehe 3, na mtu yule anaambiwa amezaliwa siku moja kabla. Lugha ya JavaScript inaliendeleza tatizo hili kwa namna ya kushangaza: maandishi "2021-03-04" husomwa kuwa ni usiku wa manane wa UTC, ilhali "2021-03-04T00:00" husomwa kuwa ni usiku wa manane wa ukanda wa kifaa chenyewe. Herufi T na sifuri nne, ambazo machoni pa msomaji haziongezi habari yoyote, zinabadilisha maana ya thamani nzima.

Java ilikaa miaka mingi na aina moja iliyotumika sana kwa vitu vyote vitatu, ile iitwayo java.util.Date, ambayo licha ya jina lake si tarehe bali ni nukta ya wakati. Mwaka 2014 Java 8 ilileta java.time, ikazitenganisha aina hizo kwa majina: Instant kwa nukta ya wakati, LocalDate kwa tarehe tupu, LocalTime kwa saa tupu, na ZonedDateTime kwa wakati ulioambatana na ukanda wake. Lakini violezo vilivyoandikwa kabla ya hapo havikubadilika siku hiyohiyo. Lebo ya fmt:formatDate katika JSP, violezo vya kurasa vya Java, hupokea Date ya zamani, na ukiipa LocalDate hukataa kwa kosa. Basi watu wakawa wanaigeuza LocalDate kuwa Date kwa ajili ya kiolezo tu, na katika kugeuza wanalazimika kuiongezea saa na ukanda ambavyo haikuwa navyo, kisha kiolezo kinauondoa ukanda huo tena, huenda kwa kutumia ukanda mwingine. Niliwahi kuifuatilia tarehe moja iliyovikwa na kuvuliwa ukanda mara tatu kabla ya kufika kwenye skrini. Ilifika ikiwa sahihi, kwa bahati tu, kwa sababu seva zote zilikuwa zimewekwa kwenye UTC.

Katika jambo hili ninaipenda FreeMarker, mfumo mwingine wa violezo wa Java, ingawa wengi huilaumu kwa ukali wake. Ukiipa Date ya zamani na kuitaka iiandike bila kuiambia kama unataka tarehe, saa, au vyote viwili, inakataa kukisia na kusimamisha kazi kwa ujumbe wa kosa. Mara ya kwanza nilikasirika. Sasa naona kwamba hiyo ndiyo tabia ya kiolezo chenye adabu: kikiwa hakijui, kinasema hakijui.

Mifumo mingine ya violezo hukisia, na kukisia huko kumeandikwa waziwazi katika maelezo yake ila hatuyasomi. Kichujio cha tarehe cha Twig, kikipewa thamani tupu, huandika tarehe ya sasa. Fikiria ukurasa wenye safu iitwayo "Imefungwa tarehe": akaunti ambazo hazijawahi kufungwa zote zitaonekana zimefungwa leo, na kesho zitaonekana zimefungwa kesho. Ni lazima kiolezo kiulize kwanza kama thamani ipo. Sifuri nayo ina mchezo wake. Mifumo mingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu 1 Januari 1970 saa 00:00 UTC, kwa hiyo sifuri iliyopenya hadi kwenye kiolezo huandikwa 1 Januari 1970, na kwa watu wa magharibi 31 Desemba 1969. Tarehe zikirundikana katikati ya Januari 1970, jua kwamba sekunde zimepewa programu inayotarajia milisekunde: sekunde 1,600,000,000 ni tarehe 13 Septemba 2020, lakini zikisomwa kama milisekunde zinakuwa 19 Januari 1970. Kinyume chake hutoa mwaka wa elfu hamsini na kitu, na huo angalau hakuna anayeuamini.

Sasa ukanda wa saa. Watu wengi huandika tofauti ya saa na UTC, kwa mfano "+03:00", wakidhani wameandika ukanda, ilhali ukanda ni historia nzima ya tofauti hizo: zilikuwa ngapi, zilibadilika lini, na kwa amri ya serikali zitabadilika lini tena. Historia hiyo imehifadhiwa katika hifadhidata ya kanda za saa ambayo Arthur David Olson aliianzisha na ambayo tangu mwaka 2011 iko chini ya IANA, shirika linalosimamia namba na majina ya intaneti, na ina majina kama Africa/Nairobi na America/New_York. Anayedhani tofauti hizo ni saa kamili tu ataishangaa Nepal, iliyo mbele ya UTC kwa saa tano na dakika arobaini na tano. Anayedhani kila tarehe ipo kila mahali ataishangaa Samoa, ambako tarehe 30 Desemba 2011 haikuwapo kabisa: nchi ilivuka mstari wa tarehe, ikatoka tarehe 29 na kuingia tarehe 31.

Kuna saa zinazokosekana na kuna saa zinazorudiwa. New York, Jumapili ya tarehe 1 Novemba 2020, saa zilirudishwa nyuma kutoka 02:00 hadi 01:00, kwa hiyo 01:30 ilitokea mara mbili usiku mmoja. Orodha ya matukio iliyopangwa kwa usahihi kamili itaonyesha 01:50 ikifuatiwa na 01:10, na msomaji atasema orodha imevurugika. Mpangilio ni sahihi; kosa ni kiolezo kutoandika tofauti ya UTC kando ya saa. Mimi huiandika kila mahali ambapo msomaji anaweza kuwa mbali na tukio, hata kama mbunifu wa kurasa atanung'unika kwamba inachafua safu.

Swali la ni ukanda wa nani utumike halina jibu moja. Ujumbe uliotumwa uonyeshwe kwa saa ya anayeusoma. Safari ya ndege ionyeshwe kwa saa ya uwanja inakoondokea, hata kama msomaji yuko bara jingine. Kumbukumbu za seva zibaki katika UTC. Kisichokubalika ni kiolezo kujichagulia ukanda wa seva kwa sababu hakikuambiwa lolote. JSF, mfumo wa Java wa kujengea kurasa, ilikuwa na desturi ya kuonyesha kila kitu kwa GMT, yaani saa ya Greenwich, isipoelekezwa vinginevyo, na watu wengi waliilalamikia kwa kuwa walikuta saa zao zimepungua au kuzidi. Naona desturi hiyo ni afadhali kuliko ile ya kutumia saa ya seva kimyakimya, kwa kuwa kosa la GMT huonekana siku ya kwanza, ilhali kosa la saa ya seva huonekana siku seva inapohamishwa.

Upande wa lugha nao una mambo yake, na hapa nina kisa ambacho wasomaji wa Kiswahili watakielewa bila maelezo. Kalenda moja iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza ilikuwa na vichwa vya safu vilivyopatikana kwa kukata herufi tatu za mwanzo za jina la siku. Kwa Kiingereza njia hiyo huleta vifupisho saba tofauti. Kwa Kiswahili ilileta Jum, Jum, Jum, Jum, Alh, Iju, Jum. Mtu aliyeandika kiolezo kile hakuwa mjinga. Alidhani kufupisha ni kukata. Kufupisha ni uamuzi wa wenye lugha, na maamuzi hayo yamekusanywa katika CLDR, hazina ya data za lugha inayosimamiwa na shirika la Unicode, ambayo programu nyingi tayari zinayo ndani yake. Kiolezo kiombe jina fupi, kisilitengeneze.

Lugha nyingine zinadai zaidi. Kwa Kipolandi mwezi Machi ukisimama peke yake ni "marzec", lakini ukitanguliwa na siku unakuwa "marca", kama katika "3 marca". Ndiyo sababu ICU ina herufi mbili za mwezi: "MMMM" kwa jina lililo ndani ya tarehe, na "LLLL" kwa jina linalosimama peke yake juu ya kalenda. Anayeunganisha siku, nafasi na jina la mwezi kwa mkono ndani ya kiolezo hawezi kulipata hilo. Hata mpangilio wa vipande ni wa lugha: 03/04/2021 ni tarehe 3 Aprili kwa Mwingereza na tarehe 4 Machi kwa Mmarekani, na hakuna namna ya kujua kwa kuitazama. Kwa sababu hiyo situmii namba tupu zenye mikwaju mahali popote ambapo watu wa zaidi ya eneo moja watasoma. Ama ninaandika jina la mwezi, ama ninaandika mwaka kwanza, 2021-04-03, kama ISO 8601 inavyotaka.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kuiambia maktaba vipande unavyovitaka, mwaka, mwezi kwa jina, na siku, kisha kuiachia lugha ipange. Ina kero zake. CLDR toleo la 42, la mwaka 2022, ilibadilisha nafasi iliyo kabla ya AM na PM katika Kiingereza ikawa nafasi nyembamba isiyokatika, herufi U+202F, ambayo kwa macho haitofautiani na nafasi ya kawaida. Java 20 ilipoichukua data hiyo, majaribio mengi yaliyolinganisha maandishi herufi kwa herufi yalianguka, na waandishi wake wakawa wanatazama mistari miwili inayofanana kabisa wakiambiwa haifanani. Wengi waliilaumu Unicode. Mimi nililaumu majaribio: jaribio linalotarajia maandishi ya lugha yasibadilike milele linadai kitu ambacho CLDR haikukiahidi.

Kwa kuwa miundo hii ni mingi na ina mitego, haifai kutawanywa. Katika mfumo ule wa ankara kila kiolezo kilikuwa na herufi zake, zilizonakiliwa kutoka kiolezo cha jirani na kurekebishwa kidogo. Sasa ninaipa miundo majina, tarehe ndefu, tarehe fupi, saa pekee, wakati kamili, na kuiweka mahali pamoja. Violezo vinataja jina, si herufi. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kuandaa maandishi ya tarehe ndani ya msimbo kabla ya kuyapeleka kwenye kiolezo. Sikubaliani nao. Kiolezo kikipewa maandishi "10 Aprili 2021" na "2 Machi 2021", hakiwezi tena kuyapanga, kwa kuwa kwa alfabeti 10 hutangulia 2. Hakiwezi kuyaonyesha kwa lugha nyingine. Wala hakiwezi kujaza sifa ya datetime ya lebo ya time katika HTML, ambayo hudai umbo ambalo mashine italisoma. Kipewe thamani yenyewe.

Nilipolipata kosa la tarehe 30 Desemba 2019, nilirekebisha ankara, kisha nikafanya jambo lililoonekana kuwa la busara: nilitafuta "YYYY" katika mradi mzima na kuibadilisha kuwa "yyyy" kila ilipotokea. Ilikuwa mahali patatu zaidi. Viwili vilikuwa makosa ya aina ileile yaliyokuwa hayajaonekana. Cha tatu kilikuwa kiolezo cha ripoti ya wiki, ambako mwaka uliandikwa pamoja na namba ya wiki, na pale herufi kubwa ndiyo iliyokuwa sahihi. Jioni hiyo ripoti ilitoka na kichwa "Wiki ya 1, 2019", na kwa kuwa mtu fulani alikuwa ametumia kichwa hicho kama ufunguo wa kukusanyia mauzo, mauzo ya Jumatatu ile yalijumlishwa na ya mwanzoni mwa Januari, karibu mwaka mzima nyuma. Aliyekuwa ameuandika ufunguo ule ni mimi.